Mbeleko Moja, Migongo Miwili

Mama Mzee hataki kushikwa mkono. Ejensi iliyoniajiri kumtunza ilinipa mkanda wa kumfunga kiunoni, nimshikilie akitembea ili asianguke, lakini mkanda huo niliutundika nyuma ya mlango wa bafu siku aliponiambia kwamba yeye si mbwa. Anachotaka ni mimi nivae aproni. Nikishaifunga, anashika kamba zake kwa nyuma, pale kwenye fundo, ndipo tunatoka chumbani kwenda jikoni, mimi mbele, yeye nyuma, polepole, kama watu wanaovuka mto.

Mwanzoni nilidhani ni uzee tu.

Nilipelekwa kwake kwa sababu ya Kifaransa. Yeye ni Myahudi aliyezaliwa Ubelgiji, na siku hizi Kiingereza chake kinapungua, Kifaransa cha utotoni kinarudi. Ejensi hapa Louisville, Marekani, ilitafuta kwenye kompyuta mfanyakazi anayejua Kifaransa, ikanikuta mimi Mkongomani. Hawakujua kwamba niliacha shule darasa la nne kule milimani, Kivu ya Kusini, na Kifaransa changu ni cha kuokoteza: bonjour, donc ambayo ni 'kwa hiyo', bon ambayo ni 'haya', na maneno machache ya kanisani. Siku ya kwanza nilimwambia ukweli, kwamba wamekosea mtu.

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Bon," akasema. "Na mimi niliacha shule. Tutaelewana."

Kwa hiyo anayesoma haya ajue: mambo yake niliyasikia kwa maneno ya bibi wa karibu miaka tisini, kwa masikio ya mtu wa darasa la nne. Palipo na kosa, kosa ni langu. Na ruhusa nilimwomba. Kazini kwetu habari za mgonjwa hazitoki nje ya nyumba, nami naogopa sana mambo hayo. Nilipomuuliza kama naweza kuyasema kwetu, alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie mama yako. Atafanya nini, ataita polisi?"

Mama yangu yuko Columbus, upande wa Hilliard, anaishi na mdogo wake ambaye ni mjomba wetu. Mdogo wangu wa kike alikuwa Lackawanna, karibu na Buffalo, na mwaka ule alikuwa anaolewa. Ndiyo shida yenyewe.

Nieleze vizuri. Vita vilipofika kwetu, watu wa kabila letu walianza kuwindwa nyumba kwa nyumba. Sisemi watu wetu walikuwa malaika, maana wa kwetu nao walichoma vijiji vya wenzao, na hayo nimeyasikia kwa waliochomewa. Lakini asubuhi ile tuliowindwa ni sisi. Mama alikuwa na watoto watatu. Mimi nilikuwa natembea. Mdogo wangu wa kike, wa miaka mitatu hivi, alikuwa na surua, macho yamefumba kabisa, hawezi kusimama. Na mgongoni mwa mama alikuwa tayari kitinda mimba wetu, wa kiume.

Jirani yetu wa kabila lile lingine akaja kwa mlango wa nyuma. Akasema, "Huyu wa surua mupe mimi. Hawatagusa mutoto wangu." Mama akampa. Jirani yule alimbadilisha jina, akamnyoa nywele, akamfundisha lugha yao, na wenye bunduki walipouliza, alisema ni wa tumbo lake. Sisi tukaenda. Mdogo wetu wa mgongoni hakufika tulikokwenda.

Miaka mingi mama aliomboleza wawili. Kumbe yule mmoja yuko hai, na watu waliomficha nao walikuja kukimbia vita, wakaletwa Buffalo. Tulimwona kwenye video ya kwaya iliyozunguka kwa simu. Mama alimjua kwa namna anavyoinamisha shingo akiimba. Alilia siku hiyo mpaka mjomba akadhani ni msiba.

Walipokutana, walikumbatiana kama watu wawili wenye adabu. Msichana alikuwa mtu mzima tayari, anazungumza Kiingereza, Kiswahili na lugha ya wale waliomlea. Akawa anamwita mlezi wake "mama", na mama yetu anamwita "mama wa Columbus". Hakuwa na ubaya, alitaka tu watu wajue anamsema nani. Lakini mama alinipigia simu, sauti imepanda:

"Mama wa Columbus? Ile Columbus ni mimi nilizaa?"

Na sisi kwa kulipiza tukamwita yule mwingine Mama wa Buffalo, na jina likashika.

Sasa harusi. Kwetu, siku wakwe wanapokuja, pamoja na mengine yote wanaleta kitenge kimoja cha mbeleko, cha kumshukuru mama kwa mgongo wake. Bibi harusi mwenyewe anapewa kitenge hicho mikononi, msemaji anamwambia, "Tuonyeshe mgongo uliokubeba," naye anakipeleka kwa mama yake, shangazi za bwana harusi wanamfunga nacho mgongoni, watu wanapiga vigelegele. Kawaida ni jambo la kufurahisha tu. Mtu anajua anakwenda wapi.

Mama alisema, "Kama ile mbeleko inaenda kwa ule mwanamuke, musiniite. Niambieni tu niko na wageni wangapi wa kupikia, nitapika, nitabaki jikoni."

Mdogo wangu alisema, "Dada, mimi nitamupelekea ule alinibeba."

"Wote walikubeba."

"Nakumbuka mmoja."

"Hiyo si kosa ya mama."

"Si kosa yangu pia." Kisha akasema, "Basi nitasimama katikati mpaka mukufe wote."

Nikauliza kwa wajomba kwa nini wakwe wasilete vitenge viwili. Wakanijibu kwamba mtoto mwenye mbeleko mbili watu watasema ni yatima aliyeokotwa. Mjomba wa Hilliard, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akatoa wazo lake: "Tufanye kama Sulemani. Tulete upanga, tukate."

"Kukata nini?"

"Kitenge, bwana! Mulifikiri nini?"

Watu walicheka. Mimi ndiye mkubwa, nikaambiwa nizungumze na mama. Sijui kwa nini watu wanadhani mimi ninaweza kuzungumza na mama.

Wiki hizo nilikuwa naenda kazini na mambo hayo kichwani, na Mama Mzee aliyaona. Tulikuwa tumesimama jikoni, mimi naosha vikombe, yeye ameshika kamba. Akauliza nina nini. Nikamweleza kama nilivyoweza, Kiingereza na Kifaransa vikichanganyika. Neno mbeleko sikulijua kwa Kifaransa, nikachukua taulo, nikalifunga mgongoni na mto ndani yake. Hakucheka.

Ndipo akaniambia. Alikuwa na miaka mitano Wajerumani walipokuwa wanakusanya Wayahudi. Mama yake alimpeleka kwa treni hadi kwa mjane mmoja shambani, mwenye ng'ombe wawili, akamwacha pale na mfuko wa nguo. Alimwambia atarudi Jumapili. Mama na kaka mkubwa walipelekwa mashariki, kwenye kambi za mauaji, na hawakurudi. Mjane alimpa jina la Kikatoliki na sala za Kikatoliki. Akamwambia kila mtu ni mtoto wa dada yake, mgonjwa wa mapafu, amekuja kwa hewa ya shamba. Watu wakija, mtoto anashika kamba za aproni ya mjane na hasemi neno.

"Alikuwa mwema?" nikauliza.

"Alinipiga kofi mara moja, kwa sababu niliimba wimbo wa kwetu nje. Kisha alikaa chini akatetemeka. Donc, ndiyo. Alikuwa mwema."

Vita vilipokwisha, mtu mwembamba sana alikuja shambani, akasema yeye ni baba. Mtoto hakumjua. Alijificha nyuma ya mjane, ameshika zile kamba, na yule mtu alilazimika kufungua vidole vyake kimoja kimoja. Akamchukua mjini. Akamwambia sala zile zimekwisha, na jina lile limekwisha, na mwanamke yule wasimtaje tena.

Mimi nilisema, bila kufikiri, "Baba mbaya."

Mama Mzee alivuta kamba kwa nguvu hadi nikarudi nyuma hatua moja. "Hapana! Wewe hukumwona. Alikuwa amepoteza mke na mtoto wa kiume, amebakiwa na kitu kimoja duniani, na kitu hicho kinamwita mwanamke mwingine mama. Alikuwa na haki." Akalegeza kamba: "Sikumsamehe."

Nikasema yote mawili hayawezi kuwa sawa. Akasema nikifika umri wake nitaona.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu nikamwambia habari yote. Nakiri nilikuwa na nia. Nilidhani mama akisikia, moyo utalainika kuelekea Mama wa Buffalo. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza akasema:

"Huyo baba alifanya muzuri."

"Mama!"

"Mutoto ni wake. Ulitaka amuache shambani na ng'ombe? Mwambie ule bibi nimemusalimia, na baba yake nimemusalimia pia, kama alikufa Mungu amupokee."

Nikakata tamaa. Lakini siku mbili tatu baadaye alinipigia mwenyewe, saa ya mapumziko yangu, akaniuliza mambo ya hali ya hewa, bei ya mihogo, kisha akasema kama mtu anayekumbuka kitu kidogo:

"Na ule mujane? Alibaki na nani?"

"Sikuuliza."

"Sasa wewe unauliza mambo nusu nusu namna gani? Uliza."

Nikamuuliza Mama Mzee. Tulikuwa sebuleni, amekaa, mikono kwenye magoti. Akasema mjane alibaki peke yake, hakuwa na mtoto. Halafu akasema mara moja alimwona. Alikuwa anakwenda shule na baba yake, asubuhi, na ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama mwanamke mwenye koti jeusi la kanisani na kikapu. Alikuwa ametoka shambani mpaka mjini. Alisimama tu. Hakuita, kwa heshima ya baba. Baba alimwona pia, maana alibana mkono wa mtoto.

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa na miaka minane. Nilisimama katikati ya kwenda na kutokwenda. Yeye hakuvuka. Mimi sikuvuka. Baba alikuwa ameshika mkono wangu." Aliitazama mikono yake. "Tukaenda shule. Alikufa kabla sijawa mtu wa kupanda treni mwenyewe."

Nilikwenda bafuni nikauondoa ule mkanda mlangoni, nikauweka kabatini, chini ya mataulo.

Hayo pia nilimwambia mama kwa simu. Safari hii hakumsifu mtu. Kisha akasema, "Maharagwe yangu inaungua," akakata. Nikajua hakuna maharagwe, kwa sababu ilikuwa Jumatano na Jumatano anafunga.

Harusi ilikuwa Westerville, pembezoni mwa Columbus, ukumbi wa kanisa, kwa sababu Columbus iko katikati ya watu wetu wa Louisville na wale wa Buffalo. Mama alikuja. Hakusema kwamba atakuja, hakusema kwamba hatakuja. Nilimkuta tu amekaa kwenye kiti cha mbele, kiti cha mama wa bibi harusi, amevaa vizuri, mkoba magotini ameushika kwa mikono miwili kama mtu anayengoja basi.

Kwetu pande mbili zinakaa zikitazamana, na katikati panaachwa wazi. Pale hapavukwi na mtu mpaka wasemaji wamalize. Hata ukisahau simu yako ng'ambo, unavumilia.

Kulikuwa na wasichana wa kupokea watu mlangoni, wazaliwa wa huku, wamevaa mishanana inayong'aa, vazi la kwetu la kufungwa begani. Wao hawamjui mtu. Nadhani waliambiwa tu: wa kwetu kushoto, wageni kulia. Bwana harusi ni wa kabila la kule kwa Mama wa Buffalo, kwa hiyo wageni wake walikuwa wanasema lugha hiyo. Mama wa Buffalo alipoingia, akawasalimia wasichana kwa lugha yake. Wakamsikia, wakatazama uso wake, wakampeleka kulia kwa wageni, na adabu zote. Naye hakubisha. Nilimwona amekaa safu ya pili kati ya watu asiowajua, mwanamke mfupi, na sweta juu ya gauni la sherehe. Nilitaka kwenda kumchukua, lakini msemaji alikuwa ameshasimama, na katikati palikuwa pameshafungwa.

Mama alimwona pia. Walikuwa wanatazamana moja kwa moja, ng'ambo kwa ng'ambo.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda, maneno mengi, utani wa ng'ombe wa mahari ambao hakuna mtu atawaona. Halafu bibi harusi akaletwa, akawekewa kitenge mikononi. Msemaji akasema kwa furaha yote, maskini, hakujua kitu: "Binti, tuonyeshe mgongo uliokubeba!"

Mdogo wangu akaenda mpaka katikati akasimama.

Watu walicheka kidogo, wakadhani anaringa. Mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti, "Amesahau mama yake! Ni hii maisha ya Amerika!" Wakacheka zaidi. Yeye akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Mama wa Buffalo aliinamisha uso akatazama sakafu, nami nikaelewa kwamba anajiondoa, anamrahisishia mtoto. Mjomba alinong'ona, "Mwambie aje huku, mwambie aje huku." Kicheko kilikwisha, na mtoto wa watu bado amesimama pale.

Ndipo mama akaita, kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hakumwita binti yake.

"Mama! Weye, mama wa sweta! Vuka!"

Msemaji akasema, "Mama, tafadhali, bado hatujamaliza—"

"Utamaliza kesho. Vuka, mama. Mimi magoti inauma, sitakuja huko."

Mama wa Buffalo akasimama nusu, akakaa, akasimama. Akapita katikati, pale ambapo hapapitwi, na viatu vyake vikisikika kila hatua. Alipofika kwa mdogo wangu alimshika kiwiko, wakaja pamoja mpaka kwenye kile kiti. Hapo mama wale wawili wakaanza kukataliana.

"Ni yako, dada. Ulizaa."

"Geuka."

"Dada, hapana, watu wanatutazama."

"Waache watazame, ndio maana walikuja." Mama akachukua kitenge mikononi mwa binti, akawapa shangazi za bwana harusi. "Mufunge huyu. Mimi nilimubeba akiwa mwepesi. Huyu alimubeba akiwa muzito."

Wakamfunga. Vigelegele vilichelewa kidogo, kisha vikaja vyote pamoja. Mdogo wangu alipiga magoti mbele ya mama akaweka kichwa kwenye ule mkoba. Alisema "Mama" tu, bila mji. Labda kwa sababu alikuwa analia na hakuwa na pumzi ya neno la pili. Sitaki kuongeza chumvi.

Na nisiache la upande mwingine. Ndani ya gari mama alisema kile kitenge rangi yake itatoka kwa maji ya kwanza. Alisema pia wale wasichana wa mlangoni hawana malezi. Jina jipya la mdogo wangu, lile alilopewa mafichoni, mpaka leo halitamki. Na tulipofika Hilliard, alibaki ndani ya gari muda, akasema nitangulie. Nilimwona kupitia kioo amepeleka mkono nyuma, anajisugua pale mgongoni ambapo watoto hukaa. Sijui alikuwa anamfikiria yupi.

Jumatatu nilirudi kazini. Mama Mzee alikuwa macho ananingoja. Nilimsimulia, na kila nilipokwenda mbio alinirudisha.

"Alikuwa amekaa upande gani?"

"Ng'ambo. Mkabala na mama yangu."

"Na mtoto alikuwa katikati?"

"Katikati kabisa."

"Nani aliita?"

"Mama yangu."

"Mama mwenyewe? Yule wa kuzaa?"

"Mwenyewe."

"Akavuka?"

"Akavuka. Viatu vilisikika."

Alitaka nirudie hapo pa viatu. Nikarudia. Alikaa muda mrefu na midomo inacheza, sikujua kama ni sala, na kama ni sala ni zile za baba au zile za mjane. Kisha akasema, "Baba yangu alikuwa amechoka sana, unajua. Alikuwa na miaka thelathini na kitu tu."

Akaomba kahawa. Nikavaa aproni, nikafunga, nikampa mgongo ili ashike. Nikasikia vidole vyake vinafungua fundo.

"Umefunga vibaya," akasema. "Litafunguka njiani."

Mikono yake inatetemeka siku hizi, kwa hiyo alichukua muda. Nilisimama bila kujitikisa, mpaka akamaliza kulifunga upya, akalivuta, akaona limekaza.